Kutoka Chake hadi Makangale kwa gari la ami

Meli ya usiku ya kwenda Pemba iling'oa nanga katika bandari ya Malindi, Unguja, saa 4, nami nilikuwa nimeketi sakafuni kando ya ngazi, nimepakata pampu ya dizeli iliyoviringishwa kwa kanga mbili kuukuu. Bibi mmoja aliyejilaza jirani yangu aliniuliza kwa sauti ya chini kama mtoto alikuwa na homa. Nilipomjibu kwamba ile ilikuwa pampu ya gari, aliitazama kidogo, akasema, "Basi Mungu aiponye," akajifunika buibui lake na kulala. Hakukosea sana, kwa sababu pampu hiyo ilikuwa ndiyo kwanza inatoka kutibiwa: kwa siku tisa ilikuwa imefunguliwa juu ya meza ya fundi mjini Unguja, na sikuthubutu kuiacha chini kwenye shehena pamoja na magunia ya vitunguu, maana pampu ya namna ile ikidondoka mara moja tu, kazi yote imepotea.

Tuliteremka Mkoani alfajiri, na safari ya daladala kupitia Mtambile hadi Chake Chake haikuwa na la kusimulia. Gari lenyewe lilikuwa likinisubiri katika ua wa fundi huko Machomane, mahali lilipokaa kwa miezi kumi na moja, tairi zimekaa matofalini na kuku wametaga chini ya kiti cha dereva.

Ni lori la Bedford lenye pua, la muundo ulioanza kutoka mwaka 1958 katika kiwanda cha Dunstable, Uingereza, na juu ya chesisi yake limevishwa bodi la mbao lililojengwa na maseremala wa hapa hapa kisiwani: mabenchi marefu kwa urefu wa gari, paa la kubebea mizigo, na mlango wa nyuma ambao utingo huning'inia. Magari ya aina hii tunayaita magari ya shamba, na kwa mtu asiyekulia Pemba ni vigumu kueleza yalivyokuwa na uzito katika maisha ya watu. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliiangusha mikarafuu mingi ya Unguja, na tangu hapo Pemba ndiyo iliyokuwa shamba kubwa la karafuu. Lakini mikarafuu haikuota kando ya barabara kwa ajili ya kumrahisishia mtu kazi. Imo vilimani na nyuma ya mabonde ya mpunga, na kila msimu wachumaji wapelekwe huko, vyakula vyao vipelekwe, kisha karafuu zilizokwisha kuanikwa na kukauka ziteremshwe kwenye kituo cha Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ambalo peke yake ndilo linaloruhusiwa kuzinunua, na makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, nayo yafikishwe kwenye kiwanda cha mafuta cha Wawi. Ami yangu, Mungu amrehemu, aliifanya kazi hiyo kwa gari hili tangu kabla sijazaliwa. Mimi nilikuwa utingo wake katika likizo za skuli.

Alipofariki, gari liliingia katika mirathi kama kitu kingine chochote. Ami hakuacha mtoto wa kiume, na wazee wake walikwisha kutangulia, kwa hiyo hesabu ilitoka kwa 24: mkewe, ambaye sote tunamwita Bimkubwa, alipata thumni, yaani sehemu 3, mabinti zake wawili walipata theluthi mbili, yaani sehemu 8 kila mmoja, na baba yangu, akiwa ndugu wa marehemu, alichukua 5 zilizobaki. Hesabu ni nyepesi kwenye karatasi. Lakini gari bovu halikatiki vipande 24, na mnunuzi wa vyuma chakavu alikuwa amekwisha kuja mara mbili na mizani yake. Baba alikuwa tayari kuuza. Dada mkubwa, aliyeolewa Wete, hakuwa na neno. Aliyekataa ni dada mdogo, ambaye ni mwalimu Konde. Alisema, "Tukiliuza kwa kilo, tutagawana kilo," na tangu siku hiyo hapana aliyelitaja tena suala la kuuza.

Tukakubaliana kwamba gari litengenezwe, lifanye kazi, na kila linachokipata baada ya gharama kigawiwe kwa mafungu yale yale 24. Baba akanikabidhi mafungu yake matano niyasimamie, pamoja na kazi yote ya kuhangaika na vipuri. Vipuri ndiyo mtihani. Malori ya Bedford yaliacha kuundwa kule Uingereza miaka mingi iliyopita, na leo mtu anayelitunza huishi kwa kukerezesha chuma, kuomba kwa wenye magari yaliyokufa, na kubembeleza mafundi wazee ambao wengi wao macho yamekwisha kufifia. Jamaa zangu wa mjini waliniona nimerukwa na akili. Waliniuliza kama hitma haitoshi. Hitma tulisoma, na dua tunaomba, na sijapata kudhani kwamba pampu ya dizeli inaweza kusimama mahali pa dua. Nilichojua ni kwamba kila nikipita Chake na kuliona gari lile juu ya matofali, ilikuwa kama nimekutana na ami njiani nikampita bila ya salamu.

Fundi alimaliza kuifunga pampu karibu na adhuhuri. Injini ilikohoa mara tatu, ikatoa moshi mweupe uliowafukuza kuku wote uani, kisha ikashika. Ni injini ya silinda sita, na inapokuwa imepoa hutikisa usukani mpaka mikono ikafa ganzi. Niliingia nikakaa. Sakafu mbele ya kiti, pale kisigino cha kulia cha ami kilipokuwa kikikaa, imelika ikawa kijibonde chenye kung'aa kama kijiko kilichotumika miaka mingi, na nilipoweka mguu wangu ulitumbukia wenyewe. Mimi ni mrefu kuliko yeye, na goti liligonga chini ya usukani njia nzima.

Dada mdogo alikuwa amekuja Chake kwa shughuli za skuli, akapanda mbele pamoja nami. Nilikusudia twende bila ya abiria, kwa kuwa hii ilikuwa safari ya kulijaribu gari, lakini kusudio hilo halikufika mbali. Tulipopita kiwanja cha Gombani watu walikwisha kuinua mikono, si kwa kutuuliza tunakwenda wapi, bali kwa mazoea ya miaka: waliusikia mlio wakautambua. Hadi kufika Ole mabenchi yalikuwa yamejaa, na juu kulikuwa na baiskeli mbili, magunia ya mchele na tenga la kuku. Mzee mmoja alinipa mkono kupitia dirishani, akanitazama, akasema, "Aa, si yeye," kisha akapanda.

Pemba haina urefu wa kilomita 70 kutoka ncha hadi ncha, lakini barabara yake haikai sawa hata kidogo. Hupanda na kushuka vilima kama mtu anayepima kina cha kila bonde. Katika mlima mmoja baada ya Ole, nikiwa gia ya pili, nilihisi nguvu inakatika. Injini ilivuta, ikasita, ikavuta tena, ikazima. Nilikanyaga breki, nikavuta breki ya mkono, na gari likaendelea kurudi nyuma polepole kwa kuguna, kwa sababu breki ya mkono ya gari hili haijapata kumshika hata mbuzi.

"Kabari!" nilipiga kelele.

Ndivyo ami alivyokuwa akiita, na kazi hiyo ilikuwa yangu: kuruka chini na kuliwahi tairi la nyuma. Lakini sasa mimi ndiye niliyekuwa nimeshika usukani na nyuma hapakuwa na utingo. Kabla sijaita mara ya pili, dada alikwisha kuinama, akachomoa kabari chini ya kiti, akafungua mlango na kuruka na buibui lake. Nilimwona kwenye kioo akikimbia pembeni, akaitupa nyuma ya tairi la kushoto na kuisukuma kwa mguu. Gari likapanda juu yake kidogo, likatulia. Abiria walimshangilia. Yeye alipangusa mikono akaniambia kwamba utoto wake wote alikuwa akiniangalia mimi nikifanya kazi hiyo vibaya, na baba yake hakumruhusu hata siku moja kuning'inia nyuma kwa kuwa ni mtoto wa kike.

Kabari hiyo ni kipande cha mkarafuu uliokufa, kizito kama jiwe, na upande mmoja umejaa alama za meno ya tairi. Niliitazama kwa muda nilipoteremka kutafuta ugonjwa.

Ugonjwa haukuwa mbali. Gari la dizeli likivuta hewa halina tofauti na mtu aliyepaliwa: mafuta yamo tangini, lakini mapovu yaliyoingia kwenye njia huizuia pampu isiweze kuyasukuma hadi kwenye nozeli. Niliona unyevu kwenye skrubu ya juu ya chujio, ile inayofunguliwa kwa ajili ya kutolea hewa. Washa yake, yaani kile kipete cha shaba, ilikuwa imechoka, na kule Machomane tuliirudishia hiyo hiyo kwa uvivu. Washa ni kitu kidogo kuliko kifungo cha shati, na dukani sidhani kama wangenipa kipimo chake. Hapo nikakumbuka kopo. Chini ya kiti, nyuma ya mahali pa kabari, ami alikuwa na kopo la maziwa ya unga ambamo aliweka kila nati, kila skrubu na kila washa iliyopata kubaki katika maisha ya gari hili, na sisi watoto tulikuwa tukimcheka kwa uchoyo wa vyuma. Nilimwaga vyote juu ya kitambaa barabarani. Washa ya nne niliyoijaribu iliingia sawasawa.

Kisha nikailegeza skrubu nusu mzunguko na kuanza kuusukuma kwa kidole gumba ule mkono mdogo ulio ubavuni mwa pampu ya kuvutia mafuta. Kwanza yalitoka mapovu kwa sauti ya kuchemka, yakifuatana na dizeli ya rangi ya maziwa. Nikaendelea. Mapovu yakawa machache, yakawa moja moja, halafu dizeli ikatoka safi, mfululizo, bila ya tundu, ikanimwagikia mkononi hadi kwenye kiwiko. Nikakaza skrubu huku inaendelea kutoka, kwa sababu ukingoja ikome, hewa hurudi. Injini ilishika katika jaribio la pili.

Hapo mlimani, wakati watu wanapanda tena, bibi mmoja alinifuata na noti ya shilingi 1,000. Nilimkatalia, nikamwambia najua kwamba ami hakuwa akimtoza.

"Hakunitoza tangu mume wangu alipofariki," alisema. "Lakini yeye alinisamehe cha kwake, mwanangu. Wewe bado huna cha kunisamehe."

Sikupata jibu. Aliiweka noti juu ya dashibodi, akaibandikia spana ili isipeperuke, akarudi kwenye benchi lake.

Konde tuliwateremsha wengi wao. Kutoka hapo njia ya kwenda Makangale inapita ndani ya msitu wa Ngezi, na mtu hutambua ameingia msituni kwa ubaridi kabla ya kivuli: mivule mirefu, mipapindi ambayo asili yake ni Pemba, na mahali fulani humo ndani, popo wakubwa wa Pemba wananing'inia mchana kutwa. Ami hakupiga honi katika Ngezi hata siku moja. Sikupata kumuuliza kama ilikuwa kwa ajili ya popo au kwa ajili ya yale mengine ambayo Wapemba hawayazungumzi garini. Nami sikupiga.

Tulifika nyumbani baada ya sala ya alasiri. Bimkubwa hakutoka barazani. Alisema aliusikia mlio tangu tukiwa msituni na akafahamu kwamba gia ya tatu bado inalia. Baada ya chakula nilifungua daftari. Nauli ukitoa dizeli zilibaki shilingi 18,000, na kwa mafungu 24 kila fungu likawa 750: Bimkubwa 2,250, dada zangu 6,000 kila mmoja, baba 3,750. Ilibaki ile noti ya bibi, ambayo sikuiingiza katika hesabu. Nikaeleza ilivyopatikana.

Bimkubwa aliichukua, akaigeuza upande wa pili, akanirudishia. "Hii usiigawe. Kanunue washa, urejeshe kwenye kopo."

Wachumaji walikuwa wamekwisha kuleta habari kwamba wangekuwa tayari saa 11 alfajiri. Nilitoka na tochi kuangalia mafuta ya injini na kuirudisha kabari chini ya kiti. Nikaikuta imekwisha kurudishwa, si katikati nilikokuwa nikiiweka mimi, bali kwenye ukingo wa upande wa mlango, mahali ambapo mkono unaifikia kabla mguu haujagusa ardhi.