Kuta za Mji Mkongwe: kutoka Darajani hadi Forodhani

Safari hii niliingia Mji Mkongwe wa Zanzibar kwa upande wa Darajani, nikiwa nimekusudia kutazama kuta badala ya milango, kwa sababu milango imeshapigwa picha za kutosha.

Nyumba hizi zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, na dari zake zimelazwa juu ya boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio unaoamua upana wa chumba, na ndiyo maana hata nyumba za matajiri zina vyumba virefu vilivyo vyembamba. Chokaa huacha unyevu utoke ukutani. Saruji huufungia ndani. Kiponda niliona ukuta uliozibwa kwa saruji, lipu ikiwa imebanduka mapande mapande na jiwe la nyuma yake limeanza kumomonyoka.

Mkunazini nilikaa kuliko nilivyopanga. Kanisa la Anglikana lilianza kujengwa mwaka 1873, mwaka uleule soko la watumwa lilipofungwa, na limesimama mahali pa soko lenyewe. Nje yake, ndani ya shimo, zipo sanamu za watumwa wenye minyororo shingoni, na wageni waliokuwa wakizungumza kwa sauti walinyamaza walipozifikia.

Jaws Corner nilinywa kahawa vikombe viwili. Mzee mmoja aliyeniona nikipapasa ukuta wa jirani aliniuliza, "Mwanangu, wataka kuinunua?" Nikamjibu, "Hapana, mzee wangu, natazama tu." Baraza zima likacheka.

Forodhani nilifika alasiri. Beit al-Ajaib, iliyojengwa mwaka 1883 katika enzi ya Sultan Barghash, ilisalimika Waingereza walipolipiga kasri la jirani kwa mizinga tarehe 27 Agosti 1896, katika vita ambavyo havikufikia hata saa moja. Lakini tarehe 25 Desemba 2020, wakati wa ukarabati, sehemu yake kubwa iliporomoka na watu wawili wakafariki. Wengi huja hapa kwa ajili ya urojo na mishikaki, nami sikuikataa mishikaki. Ila nililiegemea kwanza boma la Ngome Kongwe, nikilitazama jengo lile kwa muda, na nilipoondoka bega langu lilikuwa jeupe kwa chokaa.