Nilivyoutibu udongo wenye asidi katika shamba letu la Mutuini

Shamba letu la robo ekari liko Mutuini, upande wa Dagoretti, kwenye ule udongo mwekundu wa mfinyanzi unaoenea hadi Kabete na Kikuyu. Nilipokabidhiwa kulilima, mahindi yalikuwa yakiota vizuri, lakini yakifika magotini yanadumaa, majani ya chini yanageuka rangi ya zambarau, na mvua ikikatika kwa juma moja tu yananyauka, ilhali ya jirani bado yamesimama wima. Watu waliniambia kwamba shamba limechoka na linahitaji kuongezewa mbolea ya kupandia. Hata hivyo, mbolea hiyo ya DAP, yenye fosiforasi na naitrojeni, ilikuwa imetiwa humo kila msimu kwa miaka mingi, na kila msimu mahindi yalidumaa vilevile.

Niliamua kupima udongo kabla ya kununua chochote. Nilichimba sehemu mbalimbali za shamba kwa kupindapinda, kina cha sentimita 20, nikiepuka penye majivu na penye kibanda cha zamani cha ng'ombe, nikauchanganya udongo wote katika ndoo safi ya plastiki na kupeleka kama nusu kilo kwenye maabara ya KALRO, shirika la taifa la utafiti wa kilimo na mifugo, iliyoko Kabete. Majibu yalionyesha pH ya 4.8; pH ni kipimo cha asidi, na kadiri tarakimu inavyoshuka ndivyo asidi inavyozidi. Kipimo hicho huenda kwa mara kumi, yaani udongo wa pH 5 una asidi mara kumi zaidi ya udongo wa pH 6, kwa hiyo tarakimu inayoonekana ndogo hubeba tofauti kubwa sana. Mtaalamu aliyenifafanulia majibu aliniuliza, "Mama, umewahi kung'oa mmea mmoja ukaitazama mizizi yake?"

Nilipoichimbua ile mizizi ndipo nilipoelewa. Ilikuwa mifupi, minene, ya rangi ya kahawia, yenye ncha zilizovimba, karibu haina vijizizi vile vyembamba kama nywele, na ilivunjika kwa urahisi. Yote ilikuwa imetandaa kandokando katika shibiri moja ya juu, kana kwamba chini yake pamemiminwa saruji.

Kilichoizuia ni aluminiamu. Madini haya ndiyo metali iliyo nyingi kuliko zote katika ganda la dunia, na udongo wowote wa mfinyanzi umejaa aluminiamu ambayo haimdhuru mtu wala mmea, kwa sababu imefungwa ndani ya chembechembe za udongo. Lakini pH ikishuka chini ya 5.5, na hasa chini ya 5, huanza kuyeyuka na kuingia katika maji yanayonywewa na mizizi. Hushambulia ncha ya mzizi, mahali penyewe ambapo seli hugawanyika na kurefuka: hujibandika kwenye kuta za seli, huchukua nafasi ya kalsiamu, na kwa mimea isiyoistahimili urefukaji wa mzizi hukwama ndani ya saa chache tu. Mzizi uliokwama hauwezi kufuata unyevu uliojificha chini, wala kuifikia fosiforasi, ambayo udongo wetu mwekundu tayari huing'ang'ania. Ile rangi ya zambarau ilikuwa dalili ya njaa ya fosiforasi katika shamba lililotiwa fosiforasi kila mwaka, jambo ambalo mpaka leo huniuma ninapofikiria fedha ambazo wakulima wadogo hutumia kulisha mimea isiyoweza kula. Isitoshe, amonia iliyomo katika DAP inapogeuzwa kuwa naitreti na vijidudu vya udongoni huzalisha asidi zaidi, na mvua kubwa zikishaisomba naitreti hiyo, huondoka pamoja na kalsiamu na magnesiamu.

Maharagwe yalikuwa na shida nyingine. Majani yake makuukuu yalijaa vidoa vya kahawia na machanga yakajikunja, nami nilidhani ni ugonjwa, hadi nilipoelezwa kwamba huenda ni manganizi iliyozidi. Tofauti na aluminiamu, ambayo hukaa zaidi mizizini, manganizi hupanda na kurundikana majanini, na huyeyuka zaidi udongo unapokuwa na asidi au unapotuamisha maji baada ya mvua za masika.

Kabla ya kulishughulikia shamba zima nilifanya jaribio ambalo ningependa kila mkulima alifanye, kwa kuwa halina gharama. Nilijaza udongo wa shambani katika mikebe, mingine nikaichanganyia chokaa ya kilimo, ambayo hupunguza asidi ya udongo, nikaimwagilia na kuiacha kwa majuma kadhaa, kisha nikapanda mahindi. Siku chache baada ya kuota niliiosha mizizi kwa maji. Ya udongo mtupu ilikuwa vijiti butu, na ya udongo wenye chokaa ilikuwa mirefu, myeupe, yenye matawi.

Maabara ilipendekeza tani 2 za chokaa kwa hekta, ambazo kwa robo ekari ni magunia manne ya kilo 50. Nilichagua iliyosagwa laini, kwa maana chembe kubwa hukaa miaka bila kufanya kazi, na nikajiepusha na chokaa ya wajenzi, ambayo ni kali na inaweza kuunguza. Niliitawanya mapema, kabla ya masika, nikaichanganya na udongo kwa jembe. Samadi iliyooza nikaiweka baadaye, kwani chokaa na samadi zikikutana moja kwa moja naitrojeni ya samadi hupotea hewani. Samadi yenyewe ni tiba pia, maana mboji huishika aluminiamu na kuizuia isiufikie mzizi. Mbolea ya kukuzia sasa ni CAN, yenye naitrojeni na kalsiamu, ambayo huongeza asidi kidogo kuliko DAP.

Shemeji yangu anayelima Ruai aliniomba chokaa iliyobaki, nikamkatalia. Udongo mweusi wa upande ule kwa kawaida hauna asidi, na chokaa isiyohitajika huifungia mimea zinki na madini mengine.

Misimu iliyofuata mahindi yalivuka kiuno yakiwa ya kijani, na maharagwe yakaacha vidoa. Nikichimba, naona mizizi imeshuka hadi pale jembe lilipofika, kisha inageuka tena, kwa sababu chokaa hutembea polepole mno udongoni na tabaka la chini bado lina asidi. Kwa ajili ya tabaka hilo nimeanza kuchimba mitaro yenye kina zaidi, mmoja mmoja kila msimu, nikichanganya chokaa na samadi kuukuu chini kabisa, na kwenye ukingo wa juu, ambako mwamba uko karibu, nimepanda viazi vitamu na mihogo, ambayo huistahimili aluminiamu kuliko maharagwe.