Siku moja ya fundi spika: kutafuta besi ndani ya sebule

Saa 1:30 asubuhi

Mezani pana jozi ya AR-3a, spika za kampuni ya Acoustic Research (AR) zilizoanza kuuzwa Marekani mwaka 1967. Boksi limezibwa kabisa, wufa (spika ya besi) ni ya inchi 12, na kila moja ina uzito wa kilo 24 hivi. Mwenye nazo anasema besi imepotea. Kabla ya kulaumu chumba, ni lazima spika zenyewe ziwe nzima.

Betri ya volti 1.5 naigusisha kidogo tu kwenye nguzo za spika. Koni zote mbili ziende upande mmoja. Moja ikitoka na nyingine ikiingia, spika zinapingana na besi inakufa popote utakapoziweka. (JBL nyingi za zamani huingia ndani ukigusisha chanya kwenye nyekundu. Si ubovu, mradi zote mbili zifanane.)

Kisha naibonyeza koni taratibu kwa vidole na kuiachia. Ikirudi polepole, boksi halivuji. Ikiruka papo hapo, hewa inapenya: sponji ya ukingoni imeoza, gasketi imekauka, au tundu liko kwenye potensiometa za nyuma, yaani vizungusho vya kiwango cha sauti. Hizo potensiometa nazizungusha huku na huko mara nyingi, maana zikishika kutu sauti za kati na za twita (spika ya sauti za juu) hufifia, na masikio hudanganyika kuhusu kiasi cha besi kilichopo.

Saa 3:00

Nyumba ya mwenye spika iko Upanga, Dar es Salaam. Shikamoo, marahaba, kisha futi kamba. Sebule ina urefu wa mita 5.2, upana 3.8 na kimo 2.9. Kuta ni tofali za saruji, sakafu ni tailizi. Chumba cha namna hii hunyonya besi kidogo sana. Kinairudisha karibu yote, kwa hiyo kila kosa la kuweka spika husikika wazi.

Hesabu ni fupi. Kwa joto la Dar sauti husafiri karibu mita 347 kwa sekunde. Gawanya kwa urefu wa chumba mara mbili: 347 ÷ 10.4 ni 33 Hz, yaani mitetemo 33 kwa sekunde. Huo ndio mvumo wa kwanza wa urefu, sauti ambayo chumba chenyewe huikuza, na wa pili ni mara mbili yake, 67 Hz. Upana unatoa 46 Hz, kimo 60 Hz.

"Fundi, ninunue sabwufa, spika ya besi pekee?" mzee mwenye spika anauliza. Namwomba asubiri hadi jioni.

Saa 4:00

Feni inazimwa, maikrofoni ya kupimia inasimamishwa pale masikio yanapokaa, na REW, programu ya kompyuta ya kupimia sauti, inapiga sauti kuanzia 20 Hz hadi 200 Hz. Maikrofoni ya simu siiamini kwa kazi hii, kwani simu nyingi hukata sauti za chini. Madirisha nayaacha kama yanavyokuwa wakati wa kusikiliza, yaani wazi, kwa sababu dirisha lililo wazi hubadilisha besi.

Mchoro unaonyesha kilima pale 67 Hz na shimo kubwa kati ya 120 na 150 Hz. Shimo hilo ndilo "besi iliyopotea". Spika zimewekwa juu ya stuli, na katikati ya wufa ni sentimita 70 kutoka sakafuni, 70 kutoka ukuta wa nyuma, 70 kutoka ukuta wa pembeni. Sauti ikienda ukutani na kurudi, imesafiri mita 1.4, nusu ya wimbi la 124 Hz, na inarudi ikiwa kinyume. Nyuso tatu zinaua sehemu ileile kwa pamoja. Roy Allison, aliyewahi kuwa mhandisi wa AR, alilieleza jambo hili vizuri mwaka 1974, na sijaona ushauri unaoshinda wake: umbali wa nyuso tatu usilingane.

Saa 5:30

Stuli zinaondoka, vinakuja vitako vya mbao vya sentimita 20. Boksi nalisimamisha wufa ikiwa chini, na kipimo kipya kinakuwa sakafu 37, ukuta wa nyuma 58, pembeni 92. Kila namba ni karibu mara 1.6 ya iliyotangulia. Sasa badala ya shimo moja kuna vibonde vitatu vidogo, karibu na 94, 150 na 234 Hz, ambavyo sikio halivijali sana.

Kwenye kona siziweki. Klipschorn ilibuniwa kwa ajili ya kona, kuta zikiwa sehemu ya honi yake. AR kwenye kona huamsha mivumo yote ya chumba na besi inakuwa nzito isiyo na noti.

Saa 7:00

Wali na maharage.

Saa 8:00

Kilima cha 67 Hz kinatoka kwenye sofa, si kwenye spika. Sofa imegusa ukuta, na ukutani kila mvumo una nguvu zake zote. Tunaivuta hadi masikio yawe sentimita 90 kutoka ukutani: 67 Hz inashuka karibu desibeli 6, lakini 33 Hz inapungua kidogo tu. Katikati kabisa ya chumba pasikaliwe, 33 Hz hupotea hapo.

Waya nao umekuwa mfupi. AR-3a ina ukinzani wa umeme wa omu 4, kwa hiyo mita 10 za waya wa milimita za mraba 0.5 zinaongeza omu 0.7, na wufa inalegea. Naweka wa 1.5, omu 0.23.

Saa 10:00

Sauti moja inapandishwa polepole kutoka 30 hadi 80 Hz. Kabati la vioo linatetema pale 52, fremu ya alumini pale 61. Vipande vya tyubu ya baiskeli vinanyamazisha vyote viwili.

Halafu muziki wa dansi. Nalifuata gitaa la besi tu, noti kwa noti, kuanzia Mi ya chini yenye 41 Hz. Do ya 65 Hz, iliyokuwa ikiruka peke yake asubuhi, imekaa sawa na jirani zake.

Saa 11:15

Mkanda wa karatasi unabandikwa sakafuni kwenye pembe za kila boksi, ili anayedeki arudishe spika palepale. Mzee anauliza kama trei za mayai ukutani zingenyonya besi. Kinachonyonya besi vizuri hutaka unene unaokaribia robo ya wimbi: kwa 60 Hz ni karibu mita 1.45, na trei ni sentimita chache. Sabwufa hainunuliwi.