Nguo zisipwaye: nilivyovaa kwa bajeti ndogo wakati mwili ukipungua

Mtu anayepunguza uzito jijini Dar es Salaam hupewa ushauri mwingi kuhusu ugali, chapati, soda na mazoezi, lakini ni nadra kuambiwa kwamba nguo nazo zitamtoa fedha. Nilianza nikiwa na kilo 96, baada ya daktari kunishauri nipungue ili kusaidia dawa za shinikizo la damu nilizokuwa nikimeza, na nikakubali mwendo wa nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki, ambao wataalamu wa afya huuona kuwa salama. Kwa mwendo huo ningekaa miezi mingi bila kuwa na saizi ya kudumu, huku kazi yangu ya ukarani wa uhasibu katika ofisi moja iliyopo Posta ikinitaka nivae sketi, blauzi na koti, wala si dera. Mshahara ulikuwa umeshagawanywa kati ya kodi ya nyumba, nauli, ada ya mtoto na mchango wa kikoba. Nilijitengea shilingi 30,000 kwa mwezi kwa ajili ya mavazi, nikaamua kwamba kupunguza nguo, kununua nguo na hata kubadilisha zipu vyote vitatoka humo.

Kuna watakaosema kwamba ingetosha kuvumilia nguo kubwa mpaka mwisho. Anayesema hivyo hajapungua akiishi katikati ya watu wetu. Kilo za kwanza zilipotoka hakuna aliyenisifu. Sketi zilikuwa zikizunguka kiunoni nikisimama ndani ya basi la mwendokasi, koti lilining'inia mabegani, na wenzangu ofisini walianza kuniuliza kwa sauti ya chini kama ninaumwa au nina mawazo. Shangazi yangu alipiga simu kutoka Morogoro kwa sababu habari zilikuwa zimeshamfikia. Mtu aliyevaa nguo inayopwaya huonekana amekonda kwa maradhi, na mtu huyohuyo akivaa nguo inayomkaa sawasawa huambiwa amependeza, hata kama mizani inasoma kilo zilezile. Kwa hiyo fedha yangu ndogo niliielekeza mahali ambapo jicho la mtu hutua kwanza, yaani mabegani na kiunoni, na sehemu nyingine niliziacha zisubiri.

Nilinunua futi kamba ya fundi pale Kariakoo, nikawa naandika katika daftari vipimo vya kifua, kiuno, hipsi na mkono wa juu. Mizani haikunisaidia sana katika jambo la nguo, maana kuna wiki ilikuwa haisogei kabisa ilhali mkanda ulikuwa umeingia tundu jingine. Kwangu mimi kifua na kiuno vilitangulia kupungua na hipsi zikachelewa sana, ingawa najua mwanamke mwingine anaweza kuanza kupungua usoni au mapajani. Nilijiwekea sharti kwamba nguo haiendi kwa fundi mpaka kiuno kipungue inchi mbili nzima. Kabla ya hapo nilitumia mkanda, au nilishonea kishikizo cha pili pembeni mwa kile cha kwanza, kazi ambayo mtu yeyote anaiweza kwa sindano ya mkono.

Fundi wangu ni mama wa makamo mwenye cherehani ya miguu barazani kwake huko Kimara, na ninakiri kwamba sehemu kubwa ya ninayoyajua kuhusu jambo hili nimeyapata kwake. Nilipompelekea sketi yangu ya kijivu aliigeuza ndani nje, akapitisha kidole juu ya mishono ya pembeni, kisha akanivalisha hivyohivyo ikiwa imegeuzwa, akachoma pini kulia na kushoto kwa kiasi kilekile ili zipu ya nyuma isivutwe upande mmoja. Alichora kwa chaki, akapiga bandi, yaani mshono wa muda wa mkono, akanitaka nikae kwenye kigoda na kuinuka kabla hajaipitisha kwenye cherehani. Nilimwomba akate kitambaa kilichozidi ili ndani pasijae, naye akakataa.

"Mwanangu, nikikikata leo, ukinenepa mwakani nitakutolea wapi kingine?"

Alikilaza kitambaa hicho ndani, akakishikiza kwa mishono mirefu, akanitoza shilingi 3,000. Sketi hiyo ilirudi kwake mara nyingine kiuno kilipoendelea kushuka, na kwa kuwa hakuna kilichokatwa, kazi ya pili ilikuwa kufumua na kushona upya tu.

Suruali moja aliirudisha bila kuigusa. Suruali hupunguzwa kwa kubana mshono wa nyuma katikati, na ukizidisha, mifuko ya nyuma husogeleana mpaka inakaribia kugusana, na hata mkato wa mapaja huharibika. Kwa kawaida nguo hupungua vizuri kwa saizi moja au mbili. Zaidi ya hapo ni afadhali kutafuta nyingine. Koti lilikuwa na shida tofauti, kwa sababu kupunguza mabega ni kufumua mikono yote miwili, kutoa sponji za ndani, kukata upya na kurudishia, na bei aliyonitajia ilikaribia kabisa bei ya koti la mtumba. Niliacha kulihangaikia.

Koti nililipata Karume, Ilala. Huko nilikuwa nikienda nimevaa taiti na fulana ya kubana, na khanga moja kwenye mkoba, ili niweze kujaribu nguo palepale bila kutafuta chumba. Namba za kwenye lebo hazina maana kubwa katika mitumba, kwa kuwa nguo hutoka nchi nyingi zenye vipimo vyao: gauni lenye 16 ya Uingereza hukaribiana na 12 ya Marekani na 44 ya nchi nyingi za Ulaya, na yote matatu unaweza kuyakuta yametundikwa kwenye kamba moja. Wapo wanaopima suruali kwa kuizungusha shingoni, na njia hiyo inatoa picha ya haraka, lakini mimi nilitegemea futi kamba. Nilichagua kwanza nguo inayokaa sawasawa mabegani siku hiyohiyo, hata kama kiuno kilikuwa kipana kidogo, maana kiuno fundi anakiweza kwa bei ndogo. Sikununua hata nguo moja ndogo ya "nitaivaa nikifika". Najua wengi huzitundika mlangoni ziwape moyo, lakini katika bajeti ya shilingi 30,000 nguo isiyovalika ni fedha iliyolala.

Nguo zilizonibeba muda mrefu kuliko zote ni zile ambazo hazina saizi ya kudumu: sketi ya kujifunga yenye kamba ndefu, ambayo kila nilipopungua nilizidi kuipishanisha mbele, pamoja na sketi mbili za kitenge zenye lastiki. Lastiki huvutwa kutoka kwenye njia yake kupitia tundu dogo, ikapunguzwa na kurudishwa, na nyumbani kazi hiyo nilikuwa naifanya mwenyewe kwa pini ya mtoto. Nyumbani na misibani nilivaa khanga, ambayo haijui unene wala wembamba wa mtu.

Sidiria ndiyo iliyokula fedha ambayo sikuipangia. Nguo za ndani za mitumba zimepigwa marufuku nchini na Shirika la Viwango, TBS, kwa sababu za kiafya, nami hata zingeruhusiwa nisingezivaa, hivyo ilibidi kununua mpya. Kwa kawaida sidiria mpya hufungwa kwenye kulabu za nje kabisa, kisha mtu huingia ndani kadiri inavyolegea. Kwangu safu hizo zilinisaidia pia kukifuata kifua kilipopungua. Nilikuwa nanunua mbili kwa pamoja na kuzifua kwa zamu, na mwezi huo sikununua kitu kingine chochote. Ningeweza kubana matumizi hapa, lakini blauzi nzuri juu ya sidiria iliyolegea haikai vizuri hata ifanyiwe nini.

Nguo zilizonizidi sikuzirundika. Nzuri nilizipiga picha zikiwa zimepigwa pasi, nikaziweka kwenye WhatsApp zikiwa na vipimo vya inchi badala ya saizi, na wanunuzi hawakunisumbua kwa maswali; fedha iliyopatikana iliingia kwenye bajeti ileile. Nyingine alizichukua dada yangu. Nilibakiza sketi moja na gauni moja tu vya ukubwa wa zamani, kwa sababu mwili unaweza kurudi, na mwanamke anaweza pia kupata mimba.

Sasa uzito wangu umetulia kwenye kilo 75 kwa miezi kadhaa, na ndipo nimeruhusu kushona nguo mpya kabisa. Kitenge cha yadi sita nilichopewa kwenye harusi ya binamu yangu nilikuwa nimekiweka bila kukikata muda wote huo. Nimeshampelekea fundi mapema, kwa kuwa ikifika Desemba mafundi hawashikiki, na tumekubaliana kwamba gauni lisibane kama mshono wa kwenye picha niliyomwonyesha, zipu iwe ya nyuma, na kila upande aache inchi moja ya ziada ndani.