Ukuta wa shosho

Mapema mwaka 2008, ghasia za uchaguzi zilipokuwa bado zinatugawa, nilikwenda Kibera, mtaa wa mabanda jijini Nairobi, kumtafuta binamu yangu. Huko nikakuta kuta na vibanda vimeandikwa maneno ya kuomba amani. Ilikuwa kazi ya msanii Solo 7, herufi kubwa za mtu mwenye haraka. Mimi nilikuwa fundi wa kuandika mabango ya vinyozi na bucha kule Dandora, mtaa mwingine wa Nairobi. Siku hiyo nilitamani kuandika jambo ambalo mteja hakulilipia.

Nafasi ilikuja miaka kadhaa baadaye, vijana wa Dandora walipoanza kusafisha korti moja baada ya nyingine. Dandora ilijengwa miaka ya 1970 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, na ploti nyingi zimezunguka viwanja vidogo vya wazi. Viwanja hivyo ndivyo korti. Yetu ilikuwa na ukuta mrefu usio na dirisha, na chini yake watu walimwaga taka usiku. Tayari tunavuta moshi wa jaa la taka la jiji zima, halafu tunajitengenezea lingine mlangoni!

Tulizoa taka, tukakwangua ukuta kwa burashi za waya, tukapaka chokaa. Hapo ugomvi ukaanza. Vijana walitaka mwanamuziki. Kina mama walitaka maua. Mwenye ukuta alitaka tu usichafuliwe. Nilikuwa na michoro yangu kwenye daftari, lakini kabla sijaifungua, shosho, yaani nyanya, wa nyumba ya pembeni aliketi kwenye ndoo akauliza, "Nyinyi mnajua hapa palikuwaje?"

Hatukujua. Akatuambia kwamba alipokabidhiwa ploti alipata choo, bafu na bomba la maji, basi. Vyumba alijijengea, kimoja kimoja, akisaidiana na wanawake wenzake kubeba mawe na kuchanganya saruji, leo kwake, kesho kwa mwingine. Watoto waliokuwa wakirukaruka wakatulia. Kijana aliyeng'ang'ania mwanamuziki akasema, "Sasa shosho, tukuchore wewe." Shosho akakataa kuchorwa peke yake. Ama wote, ama hakuna.

Nikanyosha uzi uliopakwa unga wa chaki, nikaupiga ukutani hadi ukawa miraba mitupu, kisha nikahamisha mchoro wa wanawake hao wakijenga, mraba baada ya mraba. Uzuri wa njia hii ni kwamba hata asiyejua kuchora anaweza kujaza mraba wake. Rangi zilikuwa mabaki ya emulsheni kutoka kwa majirani mafundi, tukazichanganya tukapata udongo, buluu ya ovaroli na kijani fulani ambacho sijawahi kukipata tena. Mpangaji mmoja ambaye hajawahi kusalimia mtu alishuka na bakuli lake, akaomba apewe miguu ya wanawake aijaze. Aliifanya kwa uangalifu mkubwa, kucha kwa kucha. Shosho alisimama nyuma yetu akirekebisha: karai libebwe kichwani, si mkononi, bomba liwe upande wa kushoto.

Sitasema picha ilizoa taka. Taka huzolewa na mtu mwenye mkokoteni, naye hulipwa. Lakini jioni hiyo, watu wakiwa bado na rangi mikononi, ndipo tulipokubaliana kila nyumba itoe mchango wa kila wiki, na yule mpangaji wa miguu akachukua daftari la kuandika waliotoa. Mikutano ya awali ya kudai pesa hizo ilikuwa ikivunjika kwa matusi.

Wiki iliyofuata vijana wa korti jirani walikuja kuazima ngazi na uzi. Wakauliza nao wachore nini. Nilikuwa nimeanza kujibu, shosho akanikatiza: "Si hapo kwenu kuna wazee? Nendeni mkawaulize walikuja mwaka gani, na ngazi mrudishe Jumapili."