Furu wapya wameacha kufa

Hatimaye tangi langu la samaki limetulia. Kila nikileta furu wapya, wale samaki wadogo wa ziwani, hapa Nyegezi, Mwanza, siku chache tu wanapanda juu kuhema, matamvua mekundu, kisha wanakufa. Nilibadilisha chakula, nikatia dawa, nikalaza maji ya bomba kwenye ndoo klorini itoke. Wapi!

Kumbe tangi jipya halina bakteria wa kula amonia, sumu inayotoka kwa samaki wenyewe. Jirani mwenye tangi la zamani akanigawia sponji ya chujio lake, yenye bakteria hao. Ila isioshwe bombani wala isikauke, bakteria watakufa. Niliibeba ndani ya maji yaleyale ya tangi lake, nikaipachika papo hapo kwenye chujio langu. Nikaanza na furu wachache, chakula kidogo. Sasa wanagombania mawe, na furu ndivyo walivyo.