Mkono wa mzee Thembo

Siku ya nne leo, na neno lile bado linanirudia hata nikiosha vyombo.

Mzee Thembo mnamjua, yule mpagazi wetu wa viatu vya mpira. Jumatatu tukishuka njia ya Kilembe akanivuta mkono wa koti. "Mwanangu, usiguse hapo." Mimi naona majani tu. Akanyoosha kidole. Nyoka kajizungusha kwenye tawi, kimo cha kiuno, kijani kama aliyerushiwa wino mweusi, magamba yanakwaruza macho kama ganda la fenesi, mboni zimesimama wima kama za paka. Atheris nitschei! Ni wa ukoo wa kifutu, ana sumu, na hatagi: huzaa watoto wazima. Miaka sita naongoza wageni milima ya Rwenzori, Uganda, sikuwahi kumtia machoni. Nikapiga picha kumi na moja kwa mbali, nikaandika saa, ukungu, mwinuko: mita 2,310.

Jioni motoni nikamwonyesha daftari, najidai. Akasoma polepole kwa kidole hadi penye "Aliyemwona". Hapo nilikuwa nimeandika jina langu.

"Na mimi niko wapi hapa?"

Nikacheka. Jamani, nilicheka! "Uko kwenye picha, mzee. Si huu mkono wako? Unasaidia watu wajue ukubwa wa nyoka."

"Aa. Mkono."

Akageuza viazi.

Nimeisikia hiyo "Aa. Mkono" kwenye posa ya Biira (mbuzi wamepokelewa, alhamdu), nimeisikia nikikata kitunguu, nimeisikia usingizini. Tena nyoka mwenyewe anabeba jina la Mjerumani, Nitsche, tangu 1902, na hilo nililiandika bila kukosea hata herufi.

Jana nikafuta, nikatanguliza jina la mzee, nikampigia simu kumpa habari. Akaruka. "Futa, mwanangu, futa! Mama Muhindo akijua nilimkaribia nyoka hivyo, mlimani sirudi tena." Tukacheka, safari hii wote wawili. Tumekubaliana iandikwe T. tu. Kabla hajakata akauliza kama hiyo T nimeiandika kubwa.

Mvua imeanza tena kule juu, tangu saa kumi. Mama yangu bado analala chumba cha nyuma, kile kinachotazama mto Nyamwamba. Mafuriko ya 2020 hayakumfundisha kuhama. Nimempigia mara tatu. Simu haipatikani.